Mita 60 kutoka wapi? Kurudia utafiti wa ramani kwa data huria

Desemba 2015, katika Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, kuta za nyumba zilianza kupakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa maana yake: nyumba hiyo inavunjwa. Hoja mojawapo ya serikali ilikuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo kifungu chake cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Sitini. Namba ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaiandika bila kukosea. Basi ni majengo mangapi ya Dar es Salaam yamo ndani ya mita 60 za mto? Data ipo, ni bure, na programu za kuhesabu nazo ni bure. Ndiyo maana swali la namna hii hupendwa na wanafunzi wa shahada, na jibu lake huishia kwenye makala yenye ramani ya nyekundu na chungwa na sentensi moja ya kutisha kwenye muhtasari. Tuseme makala ya namna hiyo imekufikia, nawe unataka kuirudia: upite njia aliyopita mwandishi uone kama utafika alikofika. Jua likizama siku ya kwanza utakuwa umegundua kwamba hujui hata hizo mita 60 zinaanzia wapi.

Unga wa mwenzako, sufuria ya mwenzako

Neno "kurudia" lina mambo mawili ndani yake. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilitoa ripoti iliyojaribu kuyatenganisha. La kwanza ni kutumia data ileile, hatua zilezile na msimbo uleule wa kompyuta, ukaona kama matokeo yanalingana. La pili ni kuuliza swali lilelile kwa data mpya uliyokusanya mwenyewe. Mpishi akikupa mchele wake, viungo vyake, sufuria yake na maelezo yake, pilau ikatoka kama yake, umefanya la kwanza. Ukienda kwako ukapika kwa mchele wa duka la mtaani kwenu, unapima kitu kingine: kama mapishi yenyewe yanasimama bila mpishi.

La kwanza linaonekana jepesi, na ndilo linalowashinda watu. Jarida la Nature liliwauliza watafiti 1,576 mwaka 2016. Zaidi ya asilimia 70 walikuwa wamejaribu kurudia jaribio la mwenzao wakashindwa, na zaidi ya nusu walishindwa kurudia hata la kwao wenyewe. Hilo la mwisho halinishangazi. Ninayo ramani yangu ambayo faili lake linaitwa "mwisho_kabisa_2", na pembeni yake lipo jingine liitwalo "mwisho_kabisa_2_mpya". Lipi lilikwenda kwenye ripoti, Mungu ndiye ajuaye.

Kwenye ramani huria, mpaka kati ya mambo hayo mawili una tundu, kwa sababu data yenyewe haitulii. Unga uliopewa leo si ule wa jana. Nitalirudia hilo, maana ndipo penye kazi kubwa. Kwanza tuone data hii imetoka wapi.

OpenStreetMap ilianzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004: ramani ya dunia inayochorwa na yeyote, na kutumiwa na yeyote. Dar es Salaam iliingia humo kwa miguu ya wanafunzi. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora Tandale pamoja na wakazi wake. Desemba ya mwaka huohuo mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua watu kadhaa wa jiji hili, na baadhi ya waliopoteza makazi wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowaunganisha wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazi wa kata zinazofurika, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na shirika la HOT la wachoraji wa ramani za misaada. Walichora nyumba, njia za uchochoroni, mitaro na makalavati. Droni zilirushwa kupiga picha za juu, na kwa mipaka ya mashina waliulizwa wajumbe, kwa kuwa hakuna ofisi yenye ramani ya shina kuliko kichwa cha mjumbe.

Kwa hiyo mtu anayefanya utafiti wa mafuriko Dar ana bahati ambayo wenzake wa miji mingi hawana. Ana nyumba mojamoja, kila moja ikiwa na umbo lake na tagi yake, yaani lebo inayosema kitu hicho ni nini.

Maamuzi yaliyomezwa

Sasa kaa chini na ile makala. Sehemu ya mbinu inasema hivi, kwa sentensi moja: "Majengo yaliyomo ndani ya mita 60 za mito yalihesabiwa kwa data ya OpenStreetMap." Mwandishi hakudanganya. Amemeza tu maamuzi, nawe inabidi uyatapishe.

Mto ni nini? Kwenye OpenStreetMap maji yanayotiririka yana tagi kadhaa: mto, kijito, mfereji, mtaro. Msimbazi umeandikwa mto, sawa. Lakini mkondo unaopita nyuma ya nyumba za watu Tandale au Manzese, mmoja atauchora akauita kijito, mwingine atauona umejengewa kuta za zege akauandikia waterway=drain, mtaro. Wakati wa masika tofauti hiyo haipo, maji yanaingia ndani vilevile. Kwenye hesabu ipo. Ukichukua mito peke yake unapata jibu dogo, ukiongeza vijito linakua, na ukiingiza mitaro unakaribia kuchukua mji mzima, kwa kuwa Ramani Huria ilichora mitaro kwa bidii.

Mita 60 zinaanzia wapi? Sheria inazungumzia ukingo. Ila mto kwenye OpenStreetMap kwa kawaida ni mstari mmoja unaopita katikati ya maji, na ukingo huchorwa kama umbo la pili, tena si kila mahali. Mto wenye upana wa mita 20 ukiupimia kutoka katikati, umeshapoteza mita 10 kila upande kabla hujamaliza kubofya. Safu nzima ya nyumba inaweza kukaa ndani ya mita hizo 10. Na huu ndio uamuzi ambao nina hakika wengi hawajui kama wameufanya: programu iliomba tabaka la mito, wakaipa lililokuwepo.

Jengo "limo ndani" lini? Likigusa ukanda kwa kona moja? Likiwa ndani lote? Au kitovu chake kikiwa ndani? QGIS, programu ya bure ya kuchora na kuchambua ramani, inakupa njia zote hizo, na njia ya kitovu hupendwa kwa sababu jengo moja halihesabiwi mara mbili likikaa kwenye mpaka wa kata. Mwenye nyumba ambayo nusu ya jiko imo ndani atakuwa na maoni mengine.

Fasili tatu za mto, mahali pawili pa kuanzia kupima, namna tatu za kuwa ndani: tatu mara mbili mara tatu, majibu 18, yote kutoka kwenye sentensi moja. Bado sijauliza kama choo cha nje na banda la kuku ni majengo. Kwenye ramani hii mara nyingi ni majengo, kwa kuwa aliyechora aliona paa.

Halafu koodineti. OpenStreetMap huhifadhi kila nukta kwa digrii za longitudo na latitudo. Ukiomba ukanda wa "60" kabla ya kubadili mfumo, kompyuta inaelewa digrii 60, nawe unapata ukanda unaotoka Dar es Salaam hadi kuipita Istanbul. Kosa hilo angalau linakucheka usoni. La hatari ni la wenye akili, wanaoweka 0.00054 wakijua kwamba ndizo mita 60. Karibu na ikweta hesabu hiyo inakaribia ukweli. Msimbo huohuo ukipelekwa London, digrii ya longitudo ni fupi zaidi na ukanda unabanana upande wa mashariki na magharibi bila mtu kuona.

Njia sahihi kwa Dar ni mfumo wa UTM, ukanda wa 37 Kusini, unaopima kwa mita. Hapo nako kuna mtego ambao watu wa Afrika Mashariki wanaujua kwa uchungu. Ukanda huo una sura mbili kwenye orodha ya programu: namba 32737, unaotumia WGS 84, msingi wa vipimo wa GPS ya simu yako, na namba 21037, unaotumia Arc 1960, msingi wa ramani za zamani za upimaji wa Kenya na Tanzania. Majina yanafanana, koodineti zinafanana kwa macho. Ukilisoma faili la Arc 1960 kana kwamba ni WGS 84, kila kitu kinahama kwa karibu mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Ukanda wako wote una mita 60. Umehesabu nyumba za mtaa mwingine kabisa, na ramani inaonekana safi kwa sababu hata mahali pasipo sahihi Dar ina nyumba.

Kuna na dogo zaidi, ambalo nalipenda. Kompyuta haichori duara, inachora umbo la pembe nyingi linalofanana na duara. QGIS bila kuambiwa hutumia vipande vitano kwa kila robo ya duara, PostGIS, hifadhidata ya ramani, hutumia vinane. Katikati ya kila kipande ukanda unapungua kidogo: mita 60 za QGIS zinashuka hadi kama mita 59.3 mahali mto unapokata kona, na za PostGIS hadi 59.7. Tofauti ni kama sentimita 45. Utasema ni upuuzi, na kwa takwimu za mji mzima ni upuuzi kweli. Ila wawili mkitofautiana kwa majengo machache huku kila kitu kingine kikiwa sawa, usipoteze wiki mkituhumiana. Angalieni hapo kwanza.

Ramani inayotembea

Tuseme mwandishi ni mwungwana, amekujibu na kukupa maamuzi yake yote. Unapakua data leo, unaendesha hatua zake, na unapata jibu kubwa kuliko lake. Amekosea?

Pengine hapana. Kati ya siku yake na siku yako yametokea mambo ya aina mbili, yanayofanana kabisa ukiyatazama kupitia namba moja. Dunia imebadilika: kuna nyumba zimejengwa, na bondeni kuna nyingi zimevunjwa, za karibuni kupitia mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi ambapo wakazi walilipwa fidia wakahama. Na ramani imebadilika bila dunia kubadilika: nyumba iliyokuwepo tangu enzi za Nyerere imechorwa juzi na mtu aliyekaa Mwanza au Berlin akitazama picha ya setilaiti. Kinyume chake kipo pia, nyumba iliyovunjwa bado imo kwenye ramani kwa sababu hakuna aliyekwenda kuifuta.

Ndiyo maana ongezeko la majengo kwenye OpenStreetMap halipimi ukuaji wa mji. Ukilinganisha Dar ya kabla ya Ramani Huria na ya baadaye, utaapa kwamba mji ulizaliwa mwaka 2015. Kilichozaliwa ni juhudi za wachoraji.

Dawa ni kugandisha siku. OpenStreetMap inahifadhi historia yake, na huduma ya Overpass inakuruhusu kuandika tarehe ndani ya ombi ikakurudishia ramani ilivyokuwa siku hiyo, hadi Septemba 2012 mradi ulipobadili leseni. Kwa hiyo fanya hesabu mara mbili, hatua zilezile: mara ya kwanza kwa ramani ya siku ya mwandishi, mara ya pili kwa ramani ya leo. Ya kwanza ikilingana na jibu lake, utafiti wake umerudiwa na tofauti iliyobaki ni ya data. Isipolingana hata hapo, tatizo lipo kwenye hatua, rudi kwenye maamuzi yaliyomezwa. Nimeona watu wakiruka hesabu ya kwanza na kuandika kwamba utafiti wa fulani "haurudiki". Hawakuurudia. Walifanya utafiti mpya kwa jina la zamani.

Ugumu unakuja pale mwandishi asipoandika tarehe. "Data ya 2018" haitoshi, kwa kuwa wachoraji wakikutana Jumamosi moja wanaweza kumaliza mtaa mzima. Unaweza kujaribu kuikisia tarehe kwa kuangalia majengo yanayoonekana kwenye picha za makala, lakini hiyo ni kazi ya mpelelezi.

Usiitegemee sana tarehe iliyoandikwa kwenye jengo lenyewe pia. Inakwambia lini mtu aligusa mchoro, haikwambii lini fundi alipiga plasta. Tena hata mguso wenyewe hauonekani wote: jengo ni umbo lililounganishwa na nukta za pembeni, na mtu akizisogeza nukta hizo bila kugusa umbo, ni nukta tu zinazopata toleo jipya. Jengo linaweza kuhama mita tano kuelekea mtoni huku rekodi yake ikisema halijaguswa tangu 2015.

Siku hizi kuna na kishawishi cha kukwepa yote haya. Microsoft ilitoa mwaka 2019 maumbo ya majengo karibu milioni 17.9 ya Tanzania na Uganda yaliyotambuliwa na kompyuta kutoka kwenye picha za setilaiti, na Google ikafuata mwaka 2021 na mkusanyiko wake ulioanzia Afrika. Ni hazina, nazitumia. Ila ukizibadilisha na zile za OpenStreetMap umehama kutoka jambo la kwanza la ile ripoti ya 2019 kwenda la pili. Na kwenye mitaa iliyobanana, ambako paa la jirani limelalia la jirani, mashine huona jengo moja pale mwanafunzi wa Ardhi aliyesimama uchochoroni aliona matatu.

Mipaka ya kata

Makala nyingi hazitoi idadi ya mji, zinatoa asilimia kwa kila kata au wilaya, kisha zinapaka rangi. Hapa kuna mawili, moja la kiofisi na moja la kihisabati.

La kiofisi ni kwamba mipaka huhama. Dar ilikuwa na wilaya tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, hadi Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. "Kinondoni" ya makala moja na "Kinondoni" ya makala nyingine zinaweza kuwa nchi mbili. Idadi ya watu ina tabia hiyohiyo: mkoa ulikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012 na 5,383,728 kwenye ya 2022, na ukiweka watu wa sensa moja juu ya nyumba za ramani ya mwaka mwingine unapata uwiano wa mji usiowahi kuwepo.

La kihisabati ni baya zaidi kwa sababu halina mkosaji. Mwaka 1979 Stan Openshaw na Peter Taylor walichukua kaunti 99 za jimbo la Iowa, Marekani, wakatazama uhusiano kati ya idadi ya wazee na kura za chama cha Republican. Kisha wakaziunganisha kaunti hizo katika makundi makubwa kwa namna nyingi tofauti. Kwa data ileile, bila kubadili namba hata moja, uhusiano ulitoka karibu -1 hadi karibu +1. Kila jibu lilipatikana kwa kuchagua mipaka. Kwa hiyo kata inayoonekana nyekundu inaweza kuwa nyekundu kwa sababu mpaka wake umefuata mto, na jirani yake ikawa njano kwa kuwa imechukua na kilima. Ukishuka kwenye mitaa, na Ramani Huria inakuwezesha kushuka hadi mashina, rangi zinajipanga upya. Anayerudia utafiti afanye hesabu kwa kata kama mwandishi, halafu ajaribu kwa mitaa. Hili la pili halichukui hata saa nzima.

Kinachobaki mezani

Kwa anayeandika leo na anataka kurudiwa kesho, visingizio vimeisha. Leseni ya OpenStreetMap inakuruhusu kusambaza nakala uliyotumia mradi utaje chanzo, na hifadhidata uliyoizaa kutoka humo ibaki huria vilevile ukiitoa hadharani. Huhitaji barua ya idara yoyote. Zenodo, ghala la kitafiti linalohifadhiwa na CERN, litakulazia faili lako bure na kulipa namba ya kudumu. Weka humo data iliyogandishwa, skripti, na matoleo ya programu. Kama ulibofyabofya kwenye QGIS badala ya kuandika skripti, hakuna dhambi, historia ya hatua zako imo ndani ya programu, inakili.

Kwa anayerudia, ushauri wangu ni kutotafuta namba moja. Yafanye yale majibu 18, au mengi kadiri kompyuta yako inavyovumilia, kisha yaweke juu ya ramani moja. Nyumba zitajigawa makundi matatu. Zipo zitakazokuwa ndani kwa kila hesabu, zimekaa juu ya mto wenyewe na hakuna fasili inayoziokoa. Zipo ambazo haziingii kamwe. Na katikati zipo zile zinazoingia ukipimia ukingo na kutoka ukipimia mstari, zinazoingia kwa kona na kutoka kwa kitovu.

Hilo kundi la katikati ndilo jibu ambalo makala ya kwanza haikutoa. Lichapishe, majengo mojamoja, pamoja na namba ya shina. Kisha chukua futi kamba ndefu, umtafute mjumbe, na kabla ya kupima chochote muulize ukingo wa mto ulikuwa wapi kabla ya mvua za mwaka jana.